Jinsi ya kujifunza uimbaji wa injili kwa Aretha Franklin

Ukitaka kuimba injili yenye ladha ya soul, muziki wa Wamarekani weusi uliochota kutoka injili, msikilize mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin, ila kwa mpangilio. Wengi huanza na "Respect" ya 1967, wakaiga ile milio ya mwisho, koo likawasha, wakaacha. Anza kanisani alikoanzia yeye. Baba yake, C. L. Franklin, alikuwa mchungaji wa New Bethel Baptist mjini Detroit, na humo ndimo Aretha alimorekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, akiwa na miaka 14. Sikiliza rekodi hizo bila kuimba. Andika maneno ya ubeti mmoja, kisha tia alama kila anapovuta pumzi.

Miaka yake katika kampuni ya rekodi ya Columbia, 1960 hadi 1966, ipitie haraka. Mara nyingi okestra inamfunika. Nenda Januari 1967, Muscle Shoals, Alabama, mtayarishaji wa muziki Jerry Wexler alipomrekodi akiwa mwenyewe kwenye piano. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Anayejipigia ndiye anayeamua sauti ikae wapi na mdundo usubiri wapi. Hata kama hujui kinanda, jifunze kodi (chords, noti zinazopigwa kwa pamoja) tatu za ufunguo wako, uzipige polepole huku ukiimba.

Kisha ingia kwenye albamu "Amazing Grace", iliyorekodiwa tarehe 13 na 14 Januari 1972 katika kanisa moja la Los Angeles, akiwa na mwimbaji wa injili James Cleveland na kwaya ya Southern California Community Choir. Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 11, na maneno ni machache mno. Silabi moja huzungushwa juu na chini, kwaya ikimsubiri.

Fanyia zoezi wimbo mnaoujua wote. Weka mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, kila pigo ligawe mara tatu. Imba ubeti mtupu mara tatu, bila pambo lolote. Mara ya nne, pamba silabi ya mwisho ya mstari tu, kwa noti tatu zinazoshuka, ukitumia "a". Kila noti isikike peke yake. Zikiteleza na kuwa mlio mmoja, punguza mwendo hadi 45. Kosa kubwa ni kupamba kila neno: waumini hupoteza wimbo, na ukifika kileleni huna cha kuongeza.

Kwa kwaya, shida ni kuitikia mapema. Sauti ya kwanza hasa hupenda kurukia neno la mwisho la kiongozi. Waambie wasubiri aachie neno, waitikie kwa kifupi. Katika "Respect", wimbo ulioandikwa na Otis Redding, wasikilize dada zake, Carolyn na Erma: wanaingia, wanakata, wanampisha.

Nguvu itoke tumboni. Shika mbavu za chini. Zisipopanuka unapovuta pumzi, unaimbia koo. Ukikwaruza baada ya dakika 20, pumzika, na kesho shusha ufunguo kwa toni nzima. Maikrofoni ikae kama sentimita 10 kutoka mdomoni, uisogeze hadi 30 unapopaza. Sauti ikikauka zaidi ya wiki mbili, muone daktari wa koo kabla ya kurudi mazoezini.