Kutoa manifoldi ya hewa bila kushusha injini

Manifoldi ya kuingiza hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, hutoka injini ikiwa mahali pake. Ugumu uko kwenye boliti za chini zisizoonekana, hasa kama manifoldi inaelekea ukuta wa dashibodi.

Injini ikiwa baridi, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, washa gari mpaka lizimike lenyewe, kisha fungua waya hasi wa betri. Ukiruka hatua hii, reli ya injekta (bomba linalolisha injekta petroli) itakurushia petroli yenye presha. Kama maji ya rejeta hupita kwenye manifoldi, yapunguze kwanza, la sivyo yatamwagikia ndani ya silinda.

Piga picha mipira ya vakyumu (ile inayopitisha mvuto wa hewa wa injini) na soketi za waya zote kabla ya kuchomoa. Boliti za chini zifikie kwa ekstensheni ndefu yenye kiungo kinachopinda, au pitia chini ya gari. Mara nyingi kuna pia kishikizo kinachoifunga manifoldi kwenye bloku, na hicho ndicho husahaulika. Ikigoma, usiitindue kwa bisibisi! Uso wa alumini ukikwaruzika, hewa itavuja. Tafuta boliti iliyobaki.

Ikitoka tu, ziba matundu ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda) kwa vitambaa safi. Nati moja ikitumbukia humo, huenda ukalazimika kufungua hedi.

Kurudisha: gasketi mpya, kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha mtengenezaji. Manifoldi ya plastiki hupasuka ikizidishiwa. Sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) ikipanda au kuyumba baadaye, kagua gasketi na mipira ya vakyumu kwanza.