Wakulima wa Tabora, mvua ya kwanza isiwakimbize shambani

Juzi jioni limepiga radi, vumbi likatulia, na asubuhi majirani wameshaanza kufukia mbegu. Ndugu zangu, subirini kidogo.

Kabla ya kupanda, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa ule wa siku kumi. Usiishie kwenye alama ya mvua ya kesho. Angalia siku zinazofuata. Mvua moja halafu wiki nzima ya jua kali maana yake mahindi yataota na kukaukia hapohapo. Mwaka mmoja nilipanda kwa pupa mwishoni mwa Oktoba, nikalazimika kununua mbegu upya. Iliniuma sana, maana pesa ile ilikuwa ya ada ya mtoto.

Sababu iko wazi. Mvua zetu za msimu, za Novemba hadi Aprili, huletwa na Ukanda Mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua, unaoshuka kutoka kaskazini ukilifuata jua. Mwezi wa kumi ukanda huo unakuwa bado haujatulia huku kwetu. Ngurumo za sasa mara nyingi ni za joto la mchana: zinanyesha kata ya Ipuli, kata ya Kitete pakavu. Wenzetu wa Kigoma huwa wanatutangulia kupata mvua, kwa hiyo ukisikia kwao imenyesha usikimbilie shambani.

Kisha chimba. Mvua ya kwanza mara nyingi hulowesha udongo juu tu. Ukichimba shimo la kina cha kiganja na udongo wa chini ukashikamana mkononi, na utabiri unaonyesha mvua zaidi, panda.