Sokota nyaya zinazopita karibu na dira

Ukifunga taa au redio kwenye boti, angalia waya unapita wapi. Usiku mmoja tukienda kuvua niliwasha taa ya mbele, mshale wa dira ukahama palepale kama umesukumwa kwa kidole. Nikazima, ukarudi.

Waya wenye umeme wa betri huzungukwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inavuta. Hans Christian Ørsted aliligundua hilo huko Denmark mwaka 1820, naye kwa dira vilevile. Waya mmoja wa ampea 5, ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye dira, unatoa maikrotesla 10 hivi (maikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Uga wa dunia hapa pwani ya Dar es Salaam ni kama 33 tu, na si wote unaouvuta mshale, kwani umelala mshazari. Mshale unaweza kukosea digrii 15 na zaidi, na usiku huna mlima wala mnara wa kukusahihisha.

Dawa yake: waya wa chanya na wa hasi vipite pamoja, visokotwe kama kamba. Umeme unaokwenda na unaorudi huzaa uga zinazopingana, zikafutana karibu zote. Usirudishie umeme kwenye bodi ya chuma, maana waya unabaki peke yake. Spika iweke mbali kabisa; ina sumaku ya kudumu, hata ikizimwa inavuta.

Kisha, boti ikiwa imefungwa na imetulia, washa kifaa kimoja kimoja, macho kwenye dira.