Namna ya Kubashiri Pambano la Ngumi la Uzito wa Juu

Anayetaka kubashiri pambano la uzito wa juu, yaani la mabondia wanaozidi kilo 90.7, asianze na rekodi ya ushindi na kushindwa, ingawa ndiyo inayotajwa kwanza katika kila banda la video mjini Kampala. Sisi wa Uganda tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengi. Tarehe 10 Machi 1986, Mganda mwenzetu John Mugabi alipanda ulingoni Las Vegas kupambana na Marvin Hagler katika uzito wa kati, akiwa hajashindwa hata mara moja na akiwa amewamaliza wapinzani wake wote kabla ya muda, lakini Hagler alimwangusha katika raundi ya 11. Rekodi ile ilikuwa ya kweli. Ila haikuweza kuonyesha angefanya nini mbele ya bingwa anayepokea makonde yake mazito na kuendelea kusonga mbele.

Kwa hiyo uliza kila bondia amemshinda nani, kisha tafuta video nzima, wala si vipande vya kuanguka, ya mapambano yake matatu ya karibuni, pamoja na lile ambalo aliumia zaidi. Tazama miguu kuanzia raundi ya sita, kwa sababu bondia mzito akichoka miguu husimama kabla ya mikono. Tazama kama mkono wa mbele ukisharusha konde unarudi kulinda kidevu au unashuka kiunoni. Zaidi ya yote, tazama anachofanya sekunde chache baada ya kutikiswa: yupo anayemkumbatia mpinzani ili apumue, na yupo anayekasirika na kurusha makonde ovyo. Huyo wa pili mimi simpi nafasi kubwa, hata awe na nguvu kiasi gani.

Hatua inayofuata ni kuamua pambano litaishaje kabla ya kuamua nani atashinda. Katika uzito huu konde moja linaweza kufuta kazi ya nusu saa: mnamo Novemba 2019 Deontay Wilder alikuwa nyuma kwa alama za majaji wote watatu, akammaliza Luis Ortiz katika raundi ya saba. Mwenye konde la namna hiyo hapotezi nafasi yake hadi kengele ya mwisho. Asiye nalo lazima ashinde raundi nyingi, na kila raundi hutolewa alama 10 kwa 9, au kwa kawaida 10 kwa 8 mmoja akiangushwa.

Siku ya kupima uzito inastahili uangalifu mkubwa, kwa kuwa hapa hakuna kikomo cha juu na kila bondia huja na mwili aliouchagua. Usidhani mzito zaidi ndiye mwenye faida. Tyson Fury alimzidi Oleksandr Usyk kwa takriban kilo 25 mnamo Desemba 2024, na bado majaji wote watatu walimpa Usyk ushindi wa 116 kwa 112. Linganisha uzito wa sasa wa bondia na uzito wake mwenyewe wa awali. Andy Ruiz, aliyemshangaza Anthony Joshua kwa kumshinda Juni 2019, alirudi Desemba kupambana naye tena akiwa ameongezeka takriban kilo 7, huku Joshua akiwa amepungua zaidi ya kilo 4. Joshua alikaa mbali naye, akashinda kwa pointi.

Sasa andika utabiri wako kwa asilimia: mshindi, namna ya ushindi na kipindi cha pambano. Uulinganishe na odi za kampuni za kubashiri, yaani idadi ya mara ambazo fedha iliyowekwa hurudishwa ubashiri ukitimia, kwa kugawanya 100 kwa odi. Odi ya 1.25 ina maana ya asilimia 80, ingawa ndani yake kuna faida ya kampuni. Kulinganisha huku hakukulazimu kuweka fedha, na sheria ya Uganda hairuhusu aliye chini ya miaka 25 kubeti. Ukiona tofauti kubwa kati ya hesabu yako na yao, rudia video, ukitafuta hasa jambo ulilolipuuza kwa sababu unampenda bondia fulani. Pambano likianza, toa alama zako raundi kwa raundi bila kuwasikiliza watangazaji, ili baadaye ujue kama ulikosea kumsoma bondia au ulitofautiana tu na majaji.