Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kucheza Old School RuneScape

Mtu anayetaka kuanza kucheza Old School RuneScape kwa kawaida hupakua programu kwanza, hujisajili kwa barua pepe yoyote iliyo karibu, huchagua jina la kwanza linalomjia, kisha huanza kukata miti. Mengine huyaahirisha hadi yatakapomlazimu. Nimewaona watu wengi wakianza hivyo, na ninaamini utaratibu huo unapaswa kugeuzwa, kwa sababu katika mchezo huu kila utakachokipata kwa miezi au miaka kitakaa ndani ya akaunti moja, nayo akaunti hiyo huwa imara au dhaifu kutokana na maamuzi ya siku ya kwanza.

Kwa asiyeufahamu, RuneScape ni mchezo wa mtandaoni unaochezwa na watu wengi kwa pamoja. Ulianzishwa Uingereza tarehe 4 Januari 2001, na hadi leo unaendeshwa na kampuni ya Jagex yenye makao yake Cambridge. Kadiri mchezo ulivyobadilishwa, wachezaji wa zamani waliudai ule waliokuwa wakiujua, na Februari 2013 kampuni ikaurudisha kutokana na nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007. Hiyo ndiyo asili ya Old School RuneScape, ambao tangu hapo umekua kwa njia yake wenyewe. Oktoba 2018 uliingia kwenye simu, ukiwa mchezo uleule na akaunti ileile, hivyo unaweza kuvua samaki kwa simu ukiwa ndani ya daladala na jioni ukaendelea kwenye kompyuta pale ulipoishia. Hauna mwisho wala mshindi. Mchezaji huingia katika dunia iitwayo Gielinor, hukuza stadi zake, hutekeleza kazi zenye visa virefu, hupigana na viumbe na hufanya biashara na wenzake.

Maandalizi yaanze kwenye barua pepe. Fungua anwani mpya kwa ajili ya mchezo huu peke yake, uifungue wewe mwenyewe kwa simu yako, na uipe nywila ambayo hujaitumia mahali pengine popote. Binamu yangu mmoja alisajili akaunti yake kwa anwani aliyofunguliwa na kijana wa kibanda cha intaneti, na namba ya simu iliyofungwa kwenye anwani hiyo ilikuwa ya laini aliyokuwa akiitumia wakati ule. Laini ikakaa muda mrefu bila vocha, ikafungwa, naye wala hakujali kwa kuwa alikuwa ameshanunua nyingine. Miaka miwili baadaye alibadilisha simu, barua pepe ikataka kumtumia tarakimu za uthibitisho, nazo zikaelekezwa kwenye namba ambayo hakuwa nayo tena. Hakuna aliyemwibia. Mhusika aliyemkuza kwa miaka miwili yumo humo hadi leo, na mwenyewe hana njia ya kumfikia. Kwa hiyo anwani hiyo uifunge kwenye laini ambayo una hakika utaendelea kuwa nayo, na kila unapobadilisha laini, badilisha na namba iliyoandikwa humo siku hiyohiyo.

Baada ya hapo sajili akaunti ya Jagex kupitia tovuti rasmi, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kutumia programu ya simu inayotoa tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya nusu dakika. Utapewa pia misimbo ya akiba ya kutumia siku simu itakapopotea. Misimbo hiyo usiipige picha na kuiacha kwenye simu ileile, kwani simu ikienda inaondoka nayo. Mimi yangu niliiandika kwa kalamu ya wino katika ukurasa wa mwisho wa daftari la kumbukumbu za nyumbani, herufi kubwa na ndogo zikiwa zimetofautishwa na sifuri ikiwa imepigwa mstari katikati ili nisiichanganye na herufi O. Siku kioo cha simu yangu kilipovunjika, ukurasa ule ndio ulionirudisha ndani.

Suala la mtandao huwatia watu hofu kuliko linavyostahili. Seva za mchezo huu ziko nchi za mbali, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia, na tangu nyaya za chini ya bahari zilipoanza kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 mawasiliano yetu na Ulaya yamekuwa mazuri, ingawa umbali wenyewe haupungui. Katika michezo ya kulenga na kufyatua, ucheleweshaji mdogo tu unatosha kukushindisha. Huku hali ni tofauti, kwa sababu seva huhesabu matukio yote kwa mapigo ya sekunde 0.6. Ukibonyeza mti mwanzoni mwa pigo au katikati yake, kitendo chako kitashughulikiwa katika pigo linalofuata, pamoja na vya wachezaji wengine wote. Mchezaji aliyeko Dodoma au Kisumu, ambaye taarifa zake huchukua sehemu ya pigo moja kwenda na kurudi, kwa kazi nyingi za kila siku hazidiwi na aliyeko jirani na seva. Katika orodha ya dunia za kuingia, yaani seva mbalimbali zenye Gielinor ileile, chagua za Uingereza au Ujerumani, na upime kwa siku chache uone ipi ina utulivu kwako. Mtandao unaoyumba unaudhi kuliko ulio wa polepole lakini thabiti. Orodha hiyohiyo ina dunia ambamo wachezaji wanaruhusiwa kushambuliana karibu kila mahali, nazo huwekewa alama. Mgeni azisome alama hizo kabla ya kubonyeza.

Bando halina shida kubwa. Ukishapakua programu na data zake za mwanzo, ambazo ni vyema uzipakue mahali penye Wi-Fi, kinachosafiri baadaye ni taarifa fupi za nani yuko wapi na anafanya nini, kwa sababu picha zenyewe zimeshahifadhiwa kwenye kifaa chako. Mchezo huu ni mwepesi kuliko video za mitandao ya kijamii. Simu ya bei ya wastani inauendesha vizuri, ila uhakikishe ina nafasi na kwamba betri yake bado inahimili. Kwenye kompyuta wachezaji wengi hupenda programu ya RuneLite, ambayo ni ya bure na imeruhusiwa na kampuni. Ipakue kwa kupitia tovuti yake halisi au programu rasmi ya Jagex. Wapo watu wanaotengeneza kurasa zinazofanana nayo ili wakubandike kirusi cha kuiba nywila.

Umeme nao unastahili kufikiriwa kabla. Ukikatika ukiwa katikati ya vita, mhusika wako hatoweki mara moja. Hubaki amesimama pale kwa muda huku adui akiendelea kumpiga. Mhusika akifa sehemu za kawaida, vitu vyake vingi huhifadhiwa katika kaburi kwa dakika 15, nawe unaweza kuvirudia. Katika eneo la Wilderness, ambako wachezaji hushambuliana, sheria ni kali zaidi: kwa kawaida unabakiziwa vitu vitatu vya thamani kubwa, na vilivyosalia unavipoteza. Kutokana na hayo, anayetumia kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba apigane mapigano mazito kwa simu, au ajizoeze kutobeba ambacho hayuko tayari kukipoteza.

Kuna uamuzi mmoja unaofanywa mwanzoni kabisa ambao wageni wengi huupita bila kuutafakari. Katika kisiwa cha mafunzo utakutana na mkufunzi anayekuwezesha kuwa Ironman, yaani mchezaji anayejitegemea kwa kila kitu, asiyeruhusiwa kununua wala kupokea chochote kutoka kwa wenzake. Ni njia yenye raha yake, kwani kila upanga ulio nao unajua ulikotoka. Ila kwa mtu anayeanza ninashauri akaunti ya kawaida, kwa kuwa soko la Grand Exchange lililoko mji wa Varrock ni nusu ya elimu ya mchezo huu, na asiyewahi kuuza magogo yake ya kwanza pale amekosa kitu. Aina iitwayo Hardcore, ambamo mhusika akifa mara moja anapoteza hadhi hiyo, ni ya mtu mwenye umeme na mtandao wa uhakika.

Kuhusu fedha, mchezo unaweza kuchezwa bure kwa muda wowote upendao. Kati ya stadi 24 zilizomo sasa, baada ya ile ya ubaharia kuongezwa Novemba 2025, mchezaji wa bure anazifikia 15, na sehemu kubwa ya ramani pamoja na kazi nyingi zimetengwa kwa wanachama wanaolipa. Cheza bure mwezi mzima kwanza. Ukiona bado unauhitaji, panga kiasi ambacho hakitagusa chakula, nauli wala ada, na ujue kwamba malipo ya uanachama hujirudia yenyewe mpaka uyasitishe. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya mtandaoni, kama ile iliyoanzishwa Kenya mwaka 2022 kupitia M-Pesa GlobalPay. Ipo pia njia ya bondi, ambayo hutoa siku 14 za uanachama na ambayo inaweza kununuliwa sokoni kwa sarafu za mchezo, bila fedha halisi. Kwa mgeni bei yake kwa sarafu ni kubwa sana, lakini kadiri anavyokua inaweza kufikiwa, na wapo wanaoendelea na uanachama wao kwa njia hiyo peke yake.

Usinunue sarafu kutoka kwa watu binafsi, wala usiuze zako. Sheria za mchezo zinakataza, na adhabu inaweza kuwa kufungiwa akaunti moja kwa moja. Najua hoja ya upande wa pili: wakati uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, wapo waliolisha familia zao kwa kukusanya sarafu hizi na kuziuza, na sina neno la kuwalaumu. Ila kijana wa kwetu anayeambiwa kwamba hii ni ajira aelewe kwamba atakuwa anajenga juu ya akaunti inayoweza kufutwa usiku mmoja, na kwamba hatakuwa na mahali pa kulalamika.

Utapeli utakufuata siku za mwanzo kabisa, kwa kuwa mgeni hutambulika kwa mavazi na vifaa vyake. Mmoja atasimama sokoni akitangaza kwamba ukimpa sarafu atakurudishia mara mbili. Atafanya hivyo kweli kwa kiasi kidogo, kisha atatoweka na kile kikubwa. Mwingine atakusifu, atajifanya rafiki, atakualika mkawinde pamoja, na safari itaishia Wilderness ambako wenzake wanasubiri. Wengine hutuma barua pepe zenye nembo ya kampuni, zikikuambia kwamba akaunti yako iko hatarini na ubonyeze kiungo. Barua ya namna hiyo usiibonyeze kamwe. Fungua tovuti mwenyewe kwa kuandika anwani yake, uangalie humo kama kuna tatizo lolote.

Muda ndio jambo ambalo ningependa kila mtu alikadirie kwa karatasi na kalamu. Stadi moja hukuzwa kutoka ngazi ya 1 hadi ya 99, na kufika 99 kunahitaji pointi 13,034,431 za uzoefu. Ngazi hazilingani kwa uzito: anayefika ngazi ya 92 amekusanya takriban nusu tu ya pointi hizo, na nusu iliyobaki iko katika ngazi saba za mwisho. Hesabu hiyo ikikukatisha tamaa, mchezo huu si wako, na ni afadhali ulijue hilo sasa. Ikikutuliza, kwa maana kwamba hakuna haraka, basi panga saa zako. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliye na mtihani Novemba asianze Septemba. Mzazi anayetaka kumruhusu mtoto azingatie kwamba masharti ya kampuni yanataka mchezaji awe na umri wa miaka 13 au zaidi, na kwamba mazungumzo ndani ya mchezo ni na watu wasiojulikana. Saa zinazotumika ni za Greenwich, ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, na masasisho ya kila wiki kwa kawaida hufanyika Jumatano, mchana kwetu, ambapo seva huzimwa kwa muda mfupi.

Lugha ya mchezo ni Kiingereza, na Kiswahili hakimo. Anayesoma Kiingereza kwa shida asiogope, kwa maana sentensi za wahusika ni fupi, ila aweke kamusi karibu kwa ajili ya zile kazi ndefu ambazo neno moja lisiloeleweka linaweza kumfanya azunguke bure. Jina la mhusika lisizidi herufi 12, na lisiwe na jina lako kamili wala mwaka wako wa kuzaliwa.

Ukishakamilisha hayo, ingia kwenye kisiwa cha mafunzo na usikimbie. Utavua uduvi kwa wavu mdogo, utawasha moto wa magogo, utawapika, utachimba shaba na bati na kufua kisu cha kwanza. Kila mkufunzi anakufundisha jambo utakalolihitaji baadaye, na ukishatoka huwezi kurudi. Utatua Lumbridge, kwenye uwanja wa kasri. Kabla hujamfuata kuku yeyote, panda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa, zungumza na mhudumu wa benki, na umwombe akuwekee namba ya siri ya tarakimu nne ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa na si ile ya kadi yako ya benki.