SOMO: Virt-manager inagoma kuunganika, pitia hapa kabla hujafomati

Salaam wakuu. Hili la virt-manager (programu ya Linux ya kusimamia VM, yaani kompyuta pepe zinazoishi ndani ya kompyuta yako) kufunguka halafu inakwambia "Unable to connect to libvirt qemu:///system" linawasumbua wengi, na ushauri wa mafundi wa hapa mjini ni uleule, futa piga upya. Usifute kitu. Virt-manager haiendeshi VM hata moja, ile ni dirisha tu la kuangalizia, kazi yote anafanya libvirt, huduma inayosimamia VM kule nyuma, sasa dirisha likimkosa libvirt ndo linapiga kelele. Naongelea Ubuntu na Debian, wa Fedora cheki maswali chini.

Hatua ya 1
Funga virt-manager, fungua terminali, andika:

virsh -c qemu:///system list --all

VM zako zikijiorodhesha, hata kama zote zimezimwa, libvirt ni mzima. Ikigoma soma ule ujumbe mpaka mwisho, maana watu wanapiga picha mstari wa kwanza tu wanatuma, wakati jibu liko mwishoni. Ikiishia na "No such file or directory" soketi (mlango ambao programu zinaongelea na libvirt) haipo, yaani huduma haijawaka au haipo kabisa kwenye mashine. "Connection refused", faili la soketi lipo ila hakuna anayesikiliza upande wa pili. Hizo mbili nenda hatua ya 2. "Permission denied" huduma ipo, wewe ndo huna ruhusa, ruka moja kwa moja hatua ya 3.

Hatua ya 2
sudo apt install libvirt-daemon-system
sudo systemctl enable --now libvirtd
systemctl status libvirtd.socket

Hapa kuna kitu kinawachanganya wengi. Ukiangalia libvirtd yenyewe baadaye unaweza kuikuta "inactive (dead)" ukashtuka, kumbe ni kawaida, ikikaa sekunde 120 bila kazi inajizima, ukiiita tena soketi inaiamsha. Ndo maana nimesema angalia soketi.

Hatua ya 3
sudo usermod -aG libvirt $USER

Hiyo herufi a usiisahau jamani. Ukiandika -G peke yake unatolewa kwenye magrupu mengine yote, pamoja na la sudo, halafu hapo ndo utajua hujui. Ukimaliza toka kabisa kwenye akaunti uingie upya, kufunga terminali na kufungua nyingine hakusaidii. Hakikisha kwa kuandika groups.

Hatua ya 4
Ikiunganika lakini inalalamika kwamba KVM (sehemu ya Linux inayotumia uwezo wa prosesa kuendesha VM) haipo, hilo sio la libvirt tena. Desktopu nyingi za mtumba pale Kariakoo zinakuja uwezo huo wa prosesa umezimwa kwenye BIOS, ingia uwashe VT-x kama ni Intel au SVM kama ni AMD. Ukiinstoli cpu-checker, amri ya kvm-ok itakwambia kama imekubali.

MASWALI

Swali: Mkuu asante, imeunganika ila VM zangu zote hazipo, nimepoteza kazi ya watu?
Jibu: Hujapoteza kitu, tulia. Utakuwa ulizitengenezea kwenye qemu:///session, ile ya yuza mmoja mmoja, na GNOME Boxes, programu nyingine ya VM, ndo inatumia hiyo. Angalia ~/.local/share/libvirt/images, au kama ulitumia Boxes ~/.local/share/gnome-boxes/images, disiki zako ziko humo. Za system zinakaa /var/lib/libvirt/images. Kwenye virt-manager ongeza muunganisho wa pili wa session utaziona.

Swali: Tanesco walikata, umeme umerudi VM haiwaki, inasema network 'default' is not active. Nikiandika virsh net-start default inaniambia haipo!
Jibu: Virsh ya yuza wa kawaida inaenda session yenyewe usipoielekeza, ndo maana haioni hiyo netiweki. Weka sudo mbele:
sudo virsh net-start default
sudo virsh net-autostart default
Hiyo ya pili ndo ya muhimu kwa hapa kwetu, umeme ukirudi netiweki inawaka yenyewe.

Swali: Fedora inaniambia libvirtd haipo
Jibu: Kuanzia Fedora 35 kazi imegawanywa kwenye huduma ndogondogo. Washa virtqemud.socket, virtnetworkd.socket na virtstoraged.socket.

Swali: Kaka seva iko ofisini Posta mi niko Mbezi, nifungue poti 16509 ya libvirt kwenye ruta?
Jibu: Hapana dada, hiyo inapita wazi bila kufichwa, usiiweke intaneti hata siku moja. Tumia qemu+ssh://jina@anwani/system, ila yuza wako awe kwenye grupu la libvirt kule kwenye seva, sio kwenye laptopu yako. Na tengeneza ufunguo wa SSH kwanza kwa ssh-keygen, uupeleke kwenye seva kwa ssh-copy-id, maana ukitegemea paswedi virt-manager itaanza kukudai ssh-askpass, kiprogramu cha kuulizia paswedi.

Swali: Na VirtualBox je?
Jibu: Hiyo haitumii libvirt, haya hayaihusu.