Linda akaunti yako ya X bila kulipa

Tangu tarehe 20 Machi 2023, X, wakati huo ikiitwa bado Twitter, huwatumia namba ya uthibitisho kwa SMS wanaolipia tu. Wateja wangu hapa kibandani hudhani ulinzi wote umefungiwa. Haujafungiwa, na kile X walichoamua kukiuza ndicho dhaifu: tapeli akifanikiwa kuihamishia namba yako ya simu kwenye laini yake, SMS zinamfuata yeye.

Pakua Google Authenticator, au Aegis kama una Android; ni programu zinazokutolea namba ya uthibitisho ndani ya simu yako, bila SMS. Zote ni bure. Ndani ya X fungua mipangilio, ingia kwenye usalama wa akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uchague programu ya uthibitishaji. Fuata maelekezo ya kuunganisha X na programu hiyo, halafu uandike zile tarakimu 6 inazoonyesha upesi, maana hubadilika kila baada ya sekunde 30.

Sasa namba ya akiba, ile X inayokupa ya kuingilia ukipoteza simu. Wengi huipiga picha wakaiacha kwenye simu hiyohiyo, jamani! Simu ikichomolewa mfukoni Kariakoo, imeondoka na kila kitu. Iandike kwenye daftari, daftari libaki nyumbani. Aegis pia hukuruhusu kutoa nakala iliyofungwa kwa nywila; hiyo itie kwenye flashi.